Faili Kabla ya Kelele: Mwongozo wa Raia Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu

Ukipanda matatu ya kwenda Bamburi kutoka mjini Mombasa, makanga atauliza kama kuna wa kushuka Kengeleni. Wengi hushuka hapo kila siku bila kuitazama kengele yenyewe. Ni ya watu wa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, na wazee husimulia kwamba iligongwa kila jahazi la wauza watu lilipoonekana baharini. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria hapa Pwani mwaka 1907. Siku hizi kwenye nguzo za stima mtaani kwetu utakuta karatasi zimebandikwa: "Kazi Saudia, Qatar, Dubai. Hakuna malipo. Piga simu."

Si kila karatasi ni mtego. Nina binamu aliyejenga nyumba ya mawe Kwale kwa mshahara wa Riyadh, na ukimwambia Saudia ni utumwa atakucheka. Lakini nimeshika pia simu ya mama ambaye mwanawe alikuwa ananong'ona kutoka chooni saa nane za usiku, bomba la maji limefunguliwa ili wenyeji wasimsikie. Mwongozo huu ni wa aliyeshika simu kama ile: jirani, shangazi, mwalimu wa madrasa, mweka hazina wa chama cha akina mama. Umeandikwa kwa Kenya, hasa kwa wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia. Msomaji wa Tanzania nimemwekea sehemu yake karibu na mwisho.

Nimejitolea katika kikundi cha mtaa kwa miaka kadhaa, na kosa letu kubwa la mwanzo lilikuwa kupiga kelele kabla ya kuwa na faili. Video ilisambaa, watu walilia, waziri akatajwa, na baada ya wiki moja hakuna aliyekumbuka jina la binti. Ofisi haijibu machozi. Inajibu karatasi yenye tarehe na mhuri.

Hatua ya 1: Jua unachopambana nacho

Sheria yetu ni Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010, iliyofuata Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ili kosa litimie, tafuta mambo matatu. Kwanza kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Pili njia: uongo, vitisho, nguvu, au kutumia shida ya mtu. Tatu lengo: kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, ukahaba au mengineyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hiyo njia ya pili huna haja ya kuithibitisha. Kitendo na lengo vinatosha.

Utaambiwa, "Lakini alikubali mwenyewe, alitia sahihi." Jibu ni kwamba alikubali kazi ya saluni Doha, hakukubali kufua na kulea katika nyumba tatu za ndugu wa familia moja kwa mshahara usiolipwa. Ridhaa iliyopatikana kwa uongo haimwokoi mshtakiwa.

Usichanganye jambo hili na magendo ya wahamiaji, yaani mtu kulipa avushwe mpaka kisha kila mmoja akashika njia yake. Wala usiite utumwa kila kazi mbaya. Bosi mkali mwenye kuchelewesha mshahara wiki mbili ni kesi ya ofisi ya leba. Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na zinazojirudia katika simu ninazopokea ni nne: pasi na simu kuchukuliwa, mshahara kuzuiwa, mlango kufungwa kwa nje, na deni. Deni ndilo hutisha zaidi. Binti huambiwa, "Ukitaka kurudi, lipa gharama tuliyokununulia." Neno lile "kununulia" limetoka vinywani mwa watu wazima, katika karne hii.

Hatua ya 2: Mtu kwanza, kampeni baadaye

Ukipata habari ya mtu aliye hatarini sasa hivi, weka kando hasira na uandike. Karatasi moja yenye haya: jina kama lilivyo kwenye pasi, nambari ya pasi, tarehe ya kuondoka, jina la ajenti wa Kenya, jina la ofisi iliyompokea kule, jina na simu ya mwajiri, mji na mtaa, na saa ya mwisho mliyowasiliana. Kama anaweza kutuma mahali alipo kwa WhatsApp, atume kwako wewe au kwa mzazi peke yake. Wasichana wengi hawajui hata jina la mtaa wanaoishi, lakini wanaweza kupiga picha bili ya stima au kibao cha duka linaloonekana dirishani.

Mpangie naye neno la siri. Simu huchukuliwa, na ujumbe wa "niko sawa, msijali" huenda umeandikwa na mwajiri. Sisi tulizoea kuuliza, "Paka wa bibi amezaa?" Hakuna paka. Anayejibu kwamba amezaa si binti yetu.

Kisha ripoti, na ripoti mahali zaidi ya pamoja kwa karatasi ileile. Nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kisha uombe suala lifike kwa kitengo cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) cha kupambana na usafirishaji wa binadamu na kulinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa. Laini ya bure ya DCI ni 0800 722 203. Mhasiriwa akiwa mtoto, piga 116. Ubalozi wa Kenya katika nchi aliko na Idara ya Diaspora wapate nakala, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) vilevile, kwa sababu yeye ndiye anayesajili mawakala. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB. Afisa akisema "hii ni kesi ya Saudia, si yetu," mwambie kwa upole kwamba kutafutwa na kudanganywa kulifanyika hapa, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Jambo moja ambalo familia hufanya kwa nia njema na huua watu: kumwambia binti atoroke usiku. Kule kwenye mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, huyo mdhamini, yaani kafili, anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na papo hapo mhasiriwa akageuka mhalifu. Mageuzi ya kazi ya Saudia ya Machi 2021, yaliyolegeza masharti ya kubadili mwajiri, hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Kama kuna hatari ya kufa, ndiyo, atoke, lakini ajue kwanza anakwenda wapi: ubalozi au kituo cha polisi, na awe na anwani kwa Kiarabu ya kumwonyesha dereva wa teksi.

Hatua ya 3: Jenga faili

Nunua faili ya kawaida ya dukani. Ukurasa wa kwanza ni mtiririko wa matukio kwa tarehe, sentensi fupi, bila vivumishi. "Tarehe 4 Machi alilipa 15,000 kwa M-Pesa kwa nambari hii." Basi. Maneno kama "yule shetani" yaache sebuleni.

Nyuma yake weka nakala za mkataba (yote miwili, maana mara nyingi kuna wa Nairobi na mwingine aliosainishwa uwanja wa ndege au kule), viza, tiketi, karatasi za medikali, cheti cha mafunzo, na ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe wa sauti usiufute hata kama umeunakili. Simu yenye ujumbe wa asili ina uzito kuliko picha ya kioo iliyopita kwenye magurupu kumi. Familia moja tuliyosaidia iliuza simu ili ipate nauli ya kwenda Nairobi kushtaki. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya ile simu.

Na ridhaa. Hadithi ni yake, si yako na si ya mama yake. Akiweza kuwasiliana, muulize ni nini kinaweza kusemwa, kwa nani, na kama jina litumike. Andika jibu lake na tarehe. Akirudi akabadilisha mawazo, unabadilisha pamoja naye bila kumwonyesha kwamba amekuangusha.

Hatua ya 4: Mchunguze ajenti

NEA huchapisha orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Tafuta jina kama lilivyo kwenye risiti, kisha kama lilivyo kwenye mkataba, maana mara nyingi hayafanani. Anayechukua pesa mtaani, tunayemwita "kijana wa ajenti", huwa haajiriwi na mtu. Analipwa kwa kichwa, na mambo yakiharibika kampuni husema haimjui. Kwa hiyo faili yako ni lazima iwe na mnyororo mzima: nani alikuja nyumbani, nani alipokea pesa, nani alipeleka pasi, nani alikuwa uwanja wa ndege.

Kusajiliwa si kuwa msafi. Orodha inakwambia tu kuna mtu wa kuulizwa maswali.

Hatua ya 5: Chagua ombi moja

Hapa ndipo kesi ya mtu mmoja aliyekwama inapogeuka kuwa utetezi wa wengi. Ukishakuwa na faili tatu au nne, ziweke mezani pamoja utafute kinachojirudia. Sisi tulidhani tatizo ni waajiri wa kule. Faili zilionyesha jambo lingine: wasichana wanne kati ya watano walikuwa wamelalamika kwa ajenti mara kadhaa kabla ya kuomba msaada kwetu, na malalamiko hayo hayakuandikwa popote. Ombi letu likabadilika kutoka "Waarabu waache kututesa", ambalo hakuna ofisi Kenya inayoweza kulitimiza, likawa jambo ambalo ofisi moja ingeweza kulifanya ndani ya mwezi.

Jiulize: nani hasa ana mamlaka ya kusema ndiyo? Usajili na leseni ni NEA. Sheria na bajeti ni Bunge. Mashtaka ni ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Mikutano ya mtaani ni chifu na wadi.

Nina neno kuhusu marufuku, kwa kuwa ndilo ombi la kwanza ambalo kila mkutano hulitaka. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi Ghuba na kufuta leseni za mawakala. Njaa haikusimama. Wasichana walipitishwa nchi jirani, wakafika kulekule bila jina lao kuwa kwenye daftari lolote la Kenya. Sijawahi tena kutia sahihi ombi la marufuku.

Hatua ya 6: Uliza kwa maandishi

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuiomba ofisi ya umma habari. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Msisahau hizo saa 48. Ziandikeni juu kabisa ya barua mkiuliza kuhusu mtu aliyefungiwa.

Barua haihitaji wakili. Mfano wa tuliyoandika:

"Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari … Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba naomba: (1) orodha ya mawakala wa ajira waliosajiliwa wenye ofisi Kaunti ya Mombasa, (2) idadi ya malalamiko yaliyopokelewa dhidi ya kila mmoja tangu Januari mwaka jana, (3) idadi ya leseni zilizosimamishwa au kufutwa kutokana na malalamiko hayo. Naomba majibu kwa barua pepe iliyo hapa chini."

Chapa nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako. Safari yangu ya kwanza katika ofisi moja niliambiwa mhuri uko na bosi na bosi yuko mkutanoni. Nilikaa kwenye benchi na chupa ya maji tangu saa nne hadi saa tisa. Mhuri ulipatikana. Siku ya 22 ikifika kimya, peleka nakala ile yenye mhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Bila mhuri huna cha kuipelekea.

Nambari zikitoka zina nguvu ambayo hadithi moja haina. Mwaka 2021 wabunge waliambiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba maelezo ya mamlaka ya kule yalikuwa moyo kusimama. Tangu siku ile hakuna mkutano niliohudhuria ambapo mtu hakuuliza inakuwaje mioyo ya wasichana wa miaka ishirini na kitu isimame hivyo.

Hatua ya 7: Ardhilhali kwa Bunge

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, Bungeni. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Narudia kwa sababu watu hulipa wachapaji wa mjini kuwatafsiria: Kiswahili kinakubalika, hata kwa mwandiko wa mkono, mradi kisomeke.

Inayokubalika ina lugha ya heshima na haina maneno yaliyokatwakatwa. Inasema kama mlishajaribu ofisi nyingine na mkajibiwa nini (hapo barua zenu za Hatua ya 6 zinalipa). Inasema kama suala liko mahakamani au la. Inamalizika kwa ombi lililo wazi, kisha majina, anwani, nambari za vitambulisho, na saini au alama za vidole gumba. Ya kwanza tuliyoandika ilikuwa na saini tele na nambari za vitambulisho chache, nasi tukarudi nyumba kwa nyumba siku nne kuanza upya. Anzeni na nambari.

Ombi lisilo na mguu: "Serikali ikomeshe utumwa wa Wakenya." Ombi linaloweza kutimizwa: "Kwamba Bunge liitake Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ichapishe kila miezi mitatu idadi ya malalamiko dhidi ya kila wakala aliyesajiliwa na hatua iliyochukuliwa." La pili mbunge anaweza kulisoma kwa pumzi moja na waziri hana pa kujificha.

Ardhilhali hupelekwa kwa Karani wa Bunge au kupitia mbunge wenu. Mkitaka mbunge, msiende ofisini kwake mkiwa watu arobaini. Waende watatu, mmoja wao awe mama wa mhasiriwa kama yuko tayari, wakiwa na faili.

Hatua ya 8: Kelele, sasa

Kelele ina wakati wake, na wakati wake ni pale ofisi imepokea karatasi na imenyamaza. Redio za hapa Pwani hupenda habari yenye nakala ya barua na tarehe iliyopita.

Usiweke uso wa mhasiriwa, wala sauti yake bila kubadilishwa, wala mahali alipo. Hata akiwa ametoa ruhusa, kama bado yuko ndani ya ile nyumba, subiri. Nimeona video ya mtu akilia ikimfikia mwajiri wake kabla ya ubalozi. Kuhusu ajenti, sema tu kile ambacho karatasi inakionyesha: "Risiti hii ina jina hili, barua yetu ya tarehe hii haijajibiwa." Ukimwita mwizi mtandaoni kabla ya mahakama kumwita hivyo, wewe ndiwe utakayetafuta wakili, na Sheria ya Makosa ya Kimtandao ya 2018 haikuandikwa kwa ajili yake peke yake.

Mkipanga maandamano, arifuni kituo cha polisi kwa maandishi kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Tarehe 30 Julai, Siku ya Kimataifa ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu, hupata wanahabari kwa urahisi. Hapo ndipo makadirio ya dunia yanapofaa kutajwa: watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa mamboleo mwaka 2021, milioni 27.6 wakiwa katika kazi ya kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Itajeni mara moja kisha mrudi kwa binti wa mtaa wenu.

Hatua ya 9: Barazani

Ukisimama kwenye baraza la chifu ukasema "msiende", wasichana watakusikiliza kwa adabu na kesho watakwenda kupiga picha za pasi. Waambie badala yake wafanye nini kabla ya kupanda ndege: waache nyumbani nakala za kila karatasi, wakariri nambari mbili za simu kwa kichwa, wapange lile swali la paka, wajue jina la mwajiri kabla ya kuondoka. Aliyerudi kutoka kule akitaka kusema, mpe kiti na nauli. Asipotaka, usimsukume. Vyama kama KUDHEIHA, cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, huja ukiwaalika, na mashirika kama HAART Kenya na Trace Kenya yana watu waliozoea kuzungumza na manusura bila kuwaumiza tena.

Na tusijidanganye kwamba utumwa uko ng'ambo peke yake. Mtoto wa miaka 13 aliyeletwa kutoka bara akalala jikoni kwenye nyumba ya jirani yako anayekualika futari ni kesi ileile, chini ya sheria ileile. Hiyo ni ngumu zaidi kuripoti, na ndiyo maana 116 haikutaki utaje jina lako.

Kwa msomaji wa Tanzania

Sheria yenu ni Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu, namba 6 ya mwaka 2008, na kuna Sekretarieti yake chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nambari 116 inafanya kazi kwenu pia kwa ajili ya watoto. CHODAWU ndicho chama cha wafanyakazi wa majumbani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibiwa, si 21. Mhuri kwenye nakala ya pili ni uleule.

Hatua ya 10: Akirudi

Siku ya uwanja wa ndege kuna kamera na vigelegele. Wiki ya tatu kuna binti asiyelala, mwenye deni la M-Pesa, na majirani wanaouliza ameleta nini. Mpelekeni hospitali mapema, mhifadhi karatasi za daktari, kwani nazo huingia kwenye faili. Sheria ya 2010 inamkinga mhasiriwa asishtakiwe kwa makosa aliyofanya moja kwa moja kwa sababu ya kusafirishwa, na imeanzisha mfuko wa kitaifa wa kuwasaidia waathiriwa. Ombeni kwa maandishi, mkiambatisha nambari ya OB. Mahakama inaweza pia kumwamuru aliyehukumiwa alipe fidia.

Kesi nyingi hufa kwa nauli. Shahidi anakuja mara ya kwanza, kesi inaahirishwa. Mara ya pili, inaahirishwa. Mara ya tatu yuko Malindi akifua nguo za watu na hana mia tano za kuja. Sisi tumeweka bahasha ya nauli kwenye chama, mia mia kila mwanachama kwa mwezi, na daftari la tarehe za mahakama linalokaa kwa mweka hazina. Wiki moja kabla ya tarehe anampigia mpelelezi kuuliza kama faili ya polisi iko tayari, halafu anampigia binti kumuuliza kama ana viatu vya kuvaa kortini.